TMA, apu ya simu au macho yako: sisi wa Mtwara na Lindi tufuate ipi, kwa kazi gani

Kila ikiingia Novemba huku kwetu ubishi ni uleule, mmoja anakwambia TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wametangaza mvua, mwingine anatoa simu anakuonesha kajua pale kwenye skrini hakana hata wingu pembeni, wa tatu anatazama juu anasema mi hao wote siwasikilizi, wingu lile la upande wa Msangamkuu halina maji, alafu jioni inapiga Naliendele mpaka mitaro inafurika huku Shangani vumbi linatimka na wote watatu wanadai walisema kweli. Na cha ajabu inawezekana kweli wote walisema kweli, maana TMA alikuwa anaongelea mkoa mzima, simu ilikuwa inaongelea kipande cha ramani, na yule wa mawingu alikuwa anaongelea wingu moja alilokuwa analiona kwa macho yake.

Sasa hapa nimeviweka vyote vitatu pamoja kwa matumizi ya huku kwetu. Nasema huku kwetu kwa makusudi kwa sababu maelezo mengi ya mawingu yaliyojaa mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya kwa anga la Ulaya, ukiyafuata hivyo hivyo ukiwa Mikindani au Mchinga yanakupoteza, nitafika huko.

Kabla hujachagua jiulize vitu viwili tu: unataka kujua ya lini, na unachoogopa ni mvua au ni upepo. Hivi viwili ndo vinaamua karibu kila kitu.

Tuanze na TMA

Watu wengi wanawajua kwa ule utabiri wa saa 24 wa kwenye taarifa ya habari, ambao kwa mtu wa mtaani mi naona ndo kitu chao dhaifu kuliko vyote, hawakosei sana ila ni mpana mno. Utasikia mikoa ya Lindi na Mtwara itakuwa na mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua, basi, wameenda mikoa mingine. Lindi peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 66,000, na kutoka Liwale mpaka Msimbati ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, wote hao wanagawana sentensi moja. Kwa hiyo ukisikia "maeneo machache" ujue hujaahidiwa mvua wewe, wamesema sehemu ndogo ya eneo lote itapata, inaweza ikawa Nachingwea na wewe uko Sudi. Ukisikia "maeneo mengi" hapo ndo anza kuulizia turubai liko wapi.

Ila wakiingia kwenye matahadharisho hapo hawana mpinzani. Wanatoa ya siku tano mbele kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, alafu chini ya rangi wanaandika uwezekano wa hiyo hali kutokea na kiwango cha athari, na hapo wengi ndo hawasomi kabisa. Wanaona ramani ya njano kwenye status ya mtu wanaanza kusambaza "mafuriko yanakuja", kumbe imeandikwa uwezekano ni wa chini. Kwa mvua, wakisema "mvua kubwa" wana maana ya kuzidi milimita 50 ndani ya saa 24, haimaanishi ile mvua ya dakika kumi inayopiga bati mpaka hamsikilizani alafu inakata. Kwa baharini utaona wanaandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa ukanda wa pwani, na kwa wenye mitumbwi na ngalawa hiyo namba sio ya kupita nayo juu juu.

Kingine ambacho apu haina ni msimu. Na hapa kuna kosa la kizembe linafanyika kila mwaka: TMA wakitoa utabiri wa vuli, watu wa huku wanaubeba kama wetu. Vuli na masika ni za wenzetu wenye misimu miwili, Dar, Tanga, Kilimanjaro na huko. Sisi wa Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, mwaka mwingine unaingia Mei, na utabiri wake unatolewa kivyake kwa jina la Msimu. Huo ndo usome. Usome mpaka pale wanapoelezea vipindi vya ukavu, maana huku kwetu kuna kile kiangazi kidogo ambacho mara nyingi kinaingia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, wiki moja mbili hivi, na mahindi yakikutwa yanachanua hapo ndo unabaki na mabua. Lugha yao ya wastani, chini ya wastani, juu ya wastani inachosha kidogo nakubali, ila hakuna apu yoyote ya kwenye simu itakayokwambia Oktoba kwamba mvua zinaweza kuchelewa.

Rada nayo ipo hapahapa Mtwara, kwa hiyo yule anayesema TMA wanakaa Dar wanabuni ya Mtwara amepitwa na habari.

Apu za kwenye simu

Hii watu wengi hawaijui kwa hiyo naieleza kidogo. Ile apu iliyokuja na simu, na hizo unazopakua, nyingi hazina mtaalamu wa hali ya hewa anayekaa kuangalia Lindi. Zinachukua mahesabu ya kompyuta kubwa, modeli moja maarufu ni ya Marekani inaitwa GFS, nyingine ni ya kituo cha Ulaya ECMWF, zinaigawa dunia nzima kwenye viboksi, GFS kiboksi kina kama kilomita 13 kila upande na ya Ulaya kama kilomita 9, kila kiboksi kinapewa jibu moja. Sasa weka kiboksi cha kilomita 13 juu ya Mtwara mjini uone kinachomeza nini: mji, bandari, Msangamkuu na kipande cha bahari, vyote vinahesabiwa ni sehemu moja. Wingu la radi lenyewe mara nyingi upana wake ni kilomita chache tu, linaingia lote ndani ya kiboksi na nafasi inabaki. Ndo maana simu inakupa mvua ambayo ilinyesha kweli, ila kwa jirani.

Kwa hiyo ile picha ya wingu na matone sio ya kuiamini peke yake. Bonyeza ndani uangalie milimita. Tone lilelile la bluu linatumika kwa milimita 1 na kwa milimita 40, na hizo ni siku mbili tofauti kabisa. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 ni lita 1,000, umejaza tanki. Ukiona imeandikwa 0.4 endelea kuanika nguo zako.

Asilimia nazo. Ikikuandikia 40% haina maana mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku wala itanyesha kidogo, ni kwamba siku kumi zenye hali inayofanana na hiyo, kama nne hapo ulipo panapata mvua. Sita hapapati. Mtu akiona 40% alafu isinyeshe anasema imedanganya, haijadanganya kitu.

Sehemu ambayo apu inaishinda hata TMA ya saa 24 kwa matumizi ya mtaani ni upepo wa saa kwa saa. Upepo wa kusi ni upepo mpana, unafunika bahari nzima kuanzia huko chini, haujifichi ndani ya kiboksi, kwa hiyo modeli zinaukamata vizuri, zinakuonesha alfajiri upo kidogo, saa nne asubuhi unaanza kuamka, saa nane mchana uko juu, jioni unalegea. Apu kama Windy unaweza hata kubadilisha modeli humohumo ndani ukaona GFS inasemaje na ya Ulaya inasemaje, na hii mi ndo naona matumizi bora kuliko yote: zikikubaliana panga safari, zikigombana kila mtu na lake ujue bado haijulikani na ukaangalie tena kesho.

Lakini angalia vipimo, hapa watu wanaumia. Apu nyingine inaandika upepo kwa noti, nyingine kilomita kwa saa, nyingine mita kwa sekunde. Ile kilomita 40 ya TMA ni kama noti 22, au mita 11 kwa sekunde. Mtu anaona 22 kwenye simu, anasema leo shwari maana kasikia hatari inaanzia 40, anasukuma chombo. Nenda kwenye mipangilio uweke kilomita kwa saa ifanane na ya TMA, umalize. Na saa pia, ukikuta imeandikwa 00Z au 12Z hiyo ni saa ya dunia, sisi tuko mbele saa tatu, 00Z ni saa tisa usiku kwetu na 12Z ni saa tisa alasiri.

Kuhusu siku 14 au 15 mbele ambazo apu zinaonesha na digrii zake na matone yake, sina la kusema. Zipo tu zijaze skrini.

Mawingu yenyewe

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, ila mawingu yapi? Haya majina ya kitaalamu yalianzishwa na Mwingereza mmoja Luke Howard mwaka 1802, alikuwa mtengeneza dawa, akachukua maneno ya Kilatini, na mpaka leo shirika la hali ya hewa duniani lina aina kuu 10 zilizotokana na utaratibu wake. Huna haja ya kuzikariri zote. Huku kwetu kazi kubwa ni kutofautisha zile zinazofanana alafu matokeo yake hayafanani.

Kwanza mabonge meupe, kumulasi, dhidi ya wingu la radi, kumulonimbasi. Vyote vinaanza hivyo hivyo saa tatu saa nne asubuhi, bonge jeupe, chini pamekatwa bapa. Angalia urefu. Bonge likibaki pana kuliko lilivyo refu mpaka saa saba mchana, hilo ni la kivuli tu, endelea na kazi. Likianza kuwa refu kuliko upana wake kabla ya saa sita, na kichwa chake kina kingo ngumu kinachemka kwenda juu, hapo anza kuwa na wasiwasi. Na kile kichwa kikilegea, zile kingo ngumu zikawa za nyuzinyuzi alafu kikatanda pembeni bapa, huko juu kumeshakuwa barafu na chini yake mvua imeshaanza, wingu hilo linaweza kufika kilomita 15 kwenda juu na zaidi kwa ukanda wetu huu. Kinachofuata ni upepo wa ubaridi unakupiga ghafla usoni ukitokea upande wa wingu, ukiusikia huo huna nusu saa, una dakika. Wingu moja la hivi kwa kawaida linaishi kati ya nusu saa na saa moja, linakufa, ila linapokufa linazalisha mwenzake pembeni, ndo maana mvua inaonekana inahama mtaa kwa mtaa.

Radi hesabu sekunde kuanzia mwanga mpaka mlio, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukihesabu tisa, iko kilomita tatu, na ukiwa kwenye chombo au chini ya mkorosho mrefu peke yake shambani tayari uko ndani ya eneo lake.

Pili, mawingu ya kusi. Juni, Julai, Agosti anga linakuwa na mabonge madogo madogo yaliyochanika kingo yanakimbia toka baharini kuja bara, au yanajipanga mabonge mapana ya kijivu, stratokumulasi. Haya ndo yanamtisha mgeni, yana weusi, yanakuja kwa kasi, alafu yanamwaga manyunyu ya dakika tano yanapita, jua linawaka. Ukitaka kujua kama bonge liko chini au juu nyoosha mkono mbele: bonge moja likifunikwa na kidole kidogo hilo liko juu kabisa, likitaka vidole mpaka vitatu liko kati, likizidi vidole vitatu liko chini na ndo la manyunyu.

Tatu, anga la kijivu lote. Hapa tafuta jua. Ukiliona jua kama doa nyuma ya utando, hata kama limefifia, mvua ya maana bado. Jua likipotea kabisa hujui hata liko upande gani, na chini kuna vipande vya mawingu meusi vinakimbia, hiyo ni nimbostratasi, mvua yake haina fujo ila inakaa saa nyingi, ile ya kuamkia mpaka adhuhuri. Ile ndo inayoua barabara za vumbi za Liwale na Nachingwea kuliko ya radi, kwa sababu ardhi inalowa mpaka ndani.

Nne ndo ile niliyosema ya Ulaya. Maelezo yote ya mtandaoni yanakwambia ukiona mawingu membamba ya nyuzi juu kabisa, sirasi, alafu yakawa utando mweupe na jua au mwezi ukavaa duara, basi mvua kesho. Kwa wenzetu ni kweli maana mvua yao nyingi inakuja na mpambano wa hewa baridi na hewa joto unaosafiri kutoka magharibi, na zile nyuzi ndo mbele yake. Sisi tuko digrii 10 tu kusini mwa ikweta, huo mpambano haufiki huku, mvua yetu inatokana na ule ukanda wa mvua unaoshuka kusini ukifuata jua, na joto la nchi kavu, na upepo wa bahari. Nyuzi za juu kwetu mara nyingi ni mabaki ya wingu la radi lililokufa mbali huko, labda Msumbiji, labda Ziwa Nyasa. Mwezi kuvaa duara Februari hapa Lindi haukuambii kitu cha kesho. Mpaka pale zile nyuzi zikija siku nzima toka upande uleule wa baharini, zimenyooka kama zinatoka kwenye ncha moja, zinazidi kuwa nene, na ni kipindi cha vimbunga, hapo sio kazi ya macho tena, nenda TMA.

Mapungufu ya mawingu ni mawili. La kwanza yanakupa saa moja mpaka mbili, zikizidi sana tatu, ukitaka ya kesho hayana. La pili, na hili ndo zito, mawingu hayakuambii upepo wa kusi. Julai anga linaweza kuwa bluu safi, hakuna hata kipande, na bahari nje ya Msimbati imechafuka vibaya. Kwenye upepo tazama maji. Mawimbi yakianza kupasuka meupe hapa na pale upepo umefika kama kilomita 15 kwa saa hivi, ukiona bahari yote imejaa vichwa vyeupe uko kwenye 30, na mawimbi makubwa yenye mapovu kila upande na maji yanarushwa hewani ndo hiyo 40 yenyewe. Ila kuisubiri uione kwa macho ukiwa umeshatoka ni kuchelewa.

Vimbunga, hapa sitaki ubishi

Vingine vyote chagua unavyotaka, kwenye kimbunga fuata TMA. Watu wa Mtwara wana kisirani tangu Kenneth, Aprili 2019, watu wakaambiwa wahame sehemu za hatari, shule na ofisi zikafungwa, alafu kikatua tarehe 25 kule Cabo Delgado, kama kilomita mia mbili kusini mwetu, huku tukapata kiupepo, na mpaka leo ukitaja tahadhari mtu anakuuliza kama kile cha Kenneth? Sawa, ila kile kimbunga kilitua na upepo wa kama kilomita 220 kwa saa, waulize ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma kilichowapata. Kimbunga kugeuka nyuzi chache tu njiani kinahama mkoa. Alafu Mei 2024 akaja Hidaya, akapungua nguvu alipokaribia Mafia tarehe 4 na bado mvua yake ikakata barabara ya Kilwa maeneo ya Somanga, mabasi ya Dar yakakwama, bidhaa zikapanda huku. Na kwa anayesema huku hakuna vimbunga, Lindi ilipigwa moja kwa moja tarehe 15 Aprili 1952, wapo wazee wanakumbuka.

Na ukikumbuka, siku moja kabla anga linaweza kuwa tulivu kabisa. Macho hayakusaidii. Apu nayo itakuonesha mstari mmoja mzuri wa njia ya kimbunga na watu wanaubeba ule mstari kama reli, wakati wataalamu wanachora eneo zima kinapoweza kupita.

Haya, kwa kazi yako

Mvuvi wa pwani, kipindi cha kusi, mpangilio wako ni TMA ya bahari jioni, alafu apu ya upepo kabla ya kulala, alafu maji kwa macho alfajiri pale ufukweni kabla hujasukuma chombo. Mawingu ni ya mwisho kabisa. Kaskazi ikishaingia inageuka, Desemba mpaka Machi upepo ni wa kawaida lakini mawingu ya radi ndo yanazamisha vyombo, hapo macho yanapanda juu, na asubuhi mapema tazama baharini sio bara, maana mawingu ya pwani huwa yanajikusanya usiku juu ya maji ya moto na kumwaga alfajiri. Bara yenyewe, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, kibao kinageuka, huko ni alasiri.

Wa korosho mna mahitaji mawili tofauti na wengi wanatumia chombo kimoja. Kupuliza salfa ya unga, kuanzia Mei Juni huko, shida yako ni upepo: unataka asubuhi mapema, umande ungali kwenye majani unga ushike, upepo haujaamka. Hiyo ni kazi ya apu, angalia saa 12 mpaka saa 3 asubuhi uchague siku ambayo upepo uko chini, mvua hata usiiwaze sana. Dawa ya maji ni kinyume, unataka majani yakauke na isinyeshe saa kadhaa baada ya kupuliza, hapo changanya apu na macho. Alafu kuanika korosho ghafi Oktoba, Novemba mpaka Desemba, mvua za mwanzo ndo hizi na korosho ikilowa inashuka daraja, ghalani hawana huruma. Utabiri wa siku tano unakusaidia kuamua uokote leo au usubiri, ila siku yenyewe ya kuanika ni macho na turubai pembeni: bonge lililo refu kabla ya saa sita, kusanya, usibishane nalo. Apu ikikwambia 20% na wingu liko juu ya kichwa, fuata wingu.

Ufuta wa Lindi unaovunwa Mei Juni, matita yakiwa yamesimama shambani yanakauka, mvua ya mwisho ya msimu ndo adui. Hapo mi ningesoma ule wa siku 10 wa TMA kabla ya kukata, maana ukishakata huwezi kurudisha.

Safari ya Liwale au kuingia vijijini Tandahimba msimu wa mvua, usiangalie mvua ya leo, angalia milimita za siku tatu zilizopita kwenye apu zile zinazoonesha za nyuma, au piga simu kwa mtu wa huko, simu ya mtu wa huko inashinda vyote.

Harusi na shughuli za nje, Machi na Aprili kodi tenti tu. Hakuna chombo kitakachokupa uhakika wa wiki mbili mbele na ukiona mtu anakuuzia huo uhakika mkimbie. Siku yenyewe asubuhi angalia saa nne mabonge yamefika wapi, kama yameshaanza kupanda, chakula kiwahi.

Na wa Newala, nyie mko juu ya uwanda, ukingoni pale Shimo la Mungu mnafika karibu mita 900, kwa hiyo apu inayowapa joto la Mtwara mjini inawaongopea. Angalieni kama imeandika Newala yenyewe na kimo chake. Ule ukungu wa asubuhi ya Juni na Julai ni wingu la chini, stratasi, limegusa mlima, sio mvua, likifika saa nne jua linalimaliza lenyewe, kwa hiyo msiahirishe kuanika kwa ajili yake. Wasiokuwa na bando, redio bado inasoma tahadhari za TMA, na kwenye tahadhari hamjapungukiwa kitu ukilinganisha na mwenye simu kubwa.